Mtoto mkubwa kuliko umri wake: jinsi ya kumchagulia kiti cha gari

Mtoto wa miaka miwili anayevaa nguo za miaka minne humdanganya kila anayemtazama. Muuzaji humkadiria kwa macho, husema "huyu keshakuwa mkubwa, busta inamtosha," na mzazi huondoka dukani na kikalio cha kumnyanyua tu, kisicho na mikanda yake. Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko mengine yote kwa watoto wenye miili mikubwa.

Kilo huongezeka kwa chakula, lakini mifupa hukomaa kwa miaka. Pingili za shingo za mtoto mdogo bado ni vipande vya mfupa vilivyoshikana kwa gegedu, na vingi huungana kati ya miaka 3 na 6. Mfupa wa nyonga, ambao kwa mtu mzima huuzuia mkanda wa kiunoni usipande juu, kwake bado ni laini na wa mviringo. Gari likigonga, mkanda wa kawaida huteleza juu ya nyonga hiyo na kuingia tumboni, mahali penye ini na utumbo. Kwa hiyo mtoto wa kilo 18 mwenye miaka miwili na nusu hawezi kuhesabiwa sawa na mwenye kilo 18 aliyefika miaka mitano. Anahitaji kiti kinachoubeba mwili mkubwa, huku kikimlinda kama mtoto mdogo aliye kweli.

Pima kabla ya kwenda dukani

Vipimo vinne vinatosha, na vyote huchukua dakika kumi.

Uzito: mpime akiwa amevaa nguo za kawaida. Nyumbani kama huna mizani ya watoto, panda wewe peke yako kwenye mizani, kisha panda umembeba, halafu toa.

Urefu wa kusimama: bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na kitabu kikilazwa utosini.

Urefu wa kukaa: mketishe sakafuni, makalio na mgongo vikigusa ukuta, miguu imenyooka mbele. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya bega, kisha kutoka sakafuni hadi utosini. Vipimo hivi viwili ndivyo watu wengi hawavichukui, na ndivyo huamua kiti kitadumu kwa muda gani. Watoto wawili wa sentimita 98 wanaweza kutofautiana sana. Mmoja ana miguu mirefu, mwingine ana kiwiliwili kirefu, na wa pili atakimaliza kiti mapema zaidi ingawa kilo zao ni sawa.

Ukitaka kujua kama mtoto wako ni mkubwa kweli, linganisha na chati za Shirika la Afya Duniani. Mvulana wa katikati anapotimiza miaka 2 ana kilo 12.2, na aliye kwenye mstari wa +2, yaani wa watoto wazito sana kwa umri wao, ana kilo 15.3. Akitimiza miaka 3, wa katikati ana kilo 14.3 na yule wa +2 ana 18.3. Wasichana wa mstari huo wana kilo 14.8 wakiwa na miaka 2, na 18.1 wakiwa na miaka 3. Sasa kumbuka kwamba viti vingi vya watoto vilivyoko madukani na kwenye mitumba vimeandikwa kilo 9 hadi 18. Mtoto wa mstari wa +2 anakimaliza kiti cha namna hiyo karibu na siku yake ya kuzaliwa ya tatu, na hapo kinachobaki mbele yake ni busta. Mnunulie mapema kiti chenye kikomo cha juu zaidi ili usifike kwenye mtego huo.

Soma lebo, usisome sanduku

Sanduku ni tangazo. Kilicho na uzito ni lebo iliyobandikwa kwenye mwili wa kiti chenyewe, mara nyingi ya rangi ya machungwa, nyuma au chini.

Viti vya Ulaya na Japan hufuata kanuni za Umoja wa Mataifa. Ndani ya duara utaona herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japan. Kwa hiyo kiti kilichoandikwa Kijapani kitupu bado unaweza kukisoma kwa lebo hiyo. Kanuni ya zamani ni R44, inayopanga watoto kwa kilo. Namba ya idhini chini ya duara inapaswa kuanza na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02, kiache, kwani ni cha kizazi kilichokwisha kupigwa marufuku Ulaya tangu 2008. Kanuni mpya ni R129, iliyoanza 2013, na hupanga watoto kwa sentimita. Viti vyake hujaribiwa pia kwa kugongwa ubavuni, jambo ambalo R44 haikulidai. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa viti vipya vya R44 Septemba 2024, na ukikikuta kimoja kikiuzwa kwa bei ya kutupa usikidharau kwa sababu hiyo tu, mradi namba zake zinamfaa mtoto.

Viti vya Marekani havina E. Vina maandishi ya Kiingereza yanayosema vinatimiza viwango vya shirikisho vya usalama wa magari, na vipimo vyake ni pauni na inchi. Pauni 40 ni kilo 18, pauni 50 ni kilo 22.7, na pauni 65 ni kilo 29.5.

Sasa sehemu inayowaumiza wenye watoto wakubwa. Kiti kilichoandikwa "kilo 9–36" hakimaanishi kwamba mikanda yake ya ndani inafika kilo 36. Kwa R44, karibu vyote vya aina hiyo huishia kilo 18 kwa mikanda, na kutoka hapo unaondoa mikanda na kiti kinageuka busta. Vivyo hivyo cha R129 kinachosomeka "sentimita 76–150" mara nyingi mikanda yake huishia sentimita 105, au kilo zilizotajwa pembeni kwa herufi ndogo. Muulize muuzaji swali moja: "Mikanda ya ndani inaishia kilo ngapi na sentimita ngapi?" Asipojua, fungua kitabu cha maelekezo mwenyewe. Yote mawili, uzito na urefu, yana kikomo, na kinachofikiwa kwanza ndicho kinachofunga mlango.

Kutazama nyuma kwanza, hata kama miguu imekunjwa

Gari nyingi hugonga kwa mbele. Mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda, kichwa chake kizito kikarushwa, na shingo ikabeba mvutano wote. Anayetazama nyuma husukumwa kwenye mgongo wa kiti, na nguvu husambaa kichwani, mgongoni na mabegani kwa pamoja. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, mwaka 2018 kiliondoa kigezo cha umri wa miaka 2 na kushauri mtoto aendelee kutazama nyuma hadi amalize kikomo cha kiti chake. Sweden wamezoea kuwaweka hivyo hadi karibu miaka 4.

Mzazi wa mtoto mrefu huona miguu imekunjwa au imepanda kwenye kiti cha gari, akadhani mtoto anateseka. Watoto hukaa hivyo sakafuni siku nzima wakicheza. Miguu iliyokunjwa si dalili kwamba kiti kimekwisha. Kinachoangaliwa ni mambo haya: uzito haujapita, na utosi bado uko ndani ya gamba la kiti. Kwa viti vya Marekani ziachwe sentimita 2.5 kutoka utosini hadi ukingo wa juu. Vya Ulaya vina alama yao au sharti lao kitabuni.

Kwa mtoto mkubwa tafuta kinachotazama nyuma hadi kilo 25 kwa R44, au hadi sentimita 105 na kuendelea kwa R129. Vipo vinavyofika 125. Kwa vya Marekani, tafuta pauni 50 na si 40. Ni vizito na vikubwa, na kwenye gari dogo kama Vitz au Passo vinaweza kulazimisha kiti cha mbele kisogezwe hadi magoti ya abiria yaguse dashibodi. Ndiyo maana hukinunui bila kukijaribu garini.

Usipokipata, chaguo la pili ni kiti cha kutazama mbele chenye mikanda ya ncha tano (mabegani, nyongani na katikati ya mapaja) inayofika kilo 22, 25 au 29.5. La tatu, kwa aliyepita kilo 18 na hakuna kingine kabisa, ni busta yenye mgongo na mbavu za pembeni, pamoja na mkanda wa gari wa bega na kiuno. Kikalio kisicho na mgongo hakiko kwenye orodha hii. Vilivyoidhinishwa Ulaya tangu 2017 ni vya mtoto aliyefika sentimita 125. Wala usikubali vile "viti" vya kitambaa na sponji vinavyofungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha gari na kuuzwa kwa bei ndogo mtandaoni. Havina gamba, havina lebo ya kweli, na kamba zake hukatika. Kumpakata ukiwa umejifunga mkanda mmoja naye ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaomponda.

Gari lako linaruhusu nini?

Magari mengi ya Afrika Mashariki yametoka Japan yakiwa yametumika. Huko ISOFIX, yaani vitanzi vya chuma vilivyojengwa ndani ya kiti cha gari ili kunasia kiti cha mtoto, ilikuwa sharti kwa magari mapya ya abiria kuanzia Julai 2012. Mengine ya kabla ya hapo yanavyo, mengine hayana. Ingiza vidole kwenye ufa kati ya kiti na mgongo wake, upande wa dirisha, utafute vitanzi viwili vya chuma vilivyoachana sentimita 28. Kikiwepo kimoja tu, au chuma kimelegea na kina kutu, usikitumie. Usimruhusu fundi achomelee vitanzi vipya. Hakuna anayejua kama weldingi hiyo itashika siku ya ajali.

Ukivipata, piga hesabu kabla ya kufurahi. Kwa viti vya R129 vyenye mikanda ya ndani, kiti na mtoto kwa pamoja havizidi kilo 33 kwenye ISOFIX. Kiti cha kilo 14 kinaacha kilo 19 tu za mtoto. Kwa viti vya Marekani jumla ni pauni 65, yaani kilo 29.5, na lebo husema mtoto wa kilo ngapi ndiye mwisho wa kutumia vitanzi vya chini. Baada ya hapo, kama kitabu cha kiti kinaruhusu, unafunga kiti kwa mkanda wa gari. Mzazi wa mtoto mwembamba hafiki kwenye hesabu hii, lakini wewe utafika mapema.

Kiti cha ISOFIX huhitaji pia kishikio cha tatu: mkanda wa juu au mguu unaosimama sakafuni. Mkanda wa juu hufungwa kwenye kitanzi kilicho nyuma ya mgongo wa kiti cha gari au kwenye sakafu ya buti, chenye alama ya nanga. Usiufunge kwenye kulabu ya mizigo, hata kama inaonekana imara. Kwa anayetazama mbele, mkanda huu hupunguza kichwa kurushwa kwa sentimita 10 hadi 15, na hiyo inaweza kuwa tofauti ya kugonga kiti cha mbele na kutokigonga. Ukitumia mguu, angalia sakafu. Baadhi ya magari yana sanduku la kuhifadhia vitu chini ya zulia, na mfuniko wake utavunjika mguu ukisukumwa. Kitabu cha gari kitakueleza kama sanduku linajazwa kwa kipande maalumu au kiti kihamishwe.

Kwa mkanda wa gari, hakikisha una sehemu ya bega. Nafasi ya katikati nyuma kwenye magari ya zamani mara nyingi ina mkanda wa kiuno tu, na kiti kikubwa huhitaji mkanda wenye sehemu zote mbili. Kisha vuta mkanda wote polepole hadi mwisho, uuachie. Ukirudi kwa mlio wa tik-tik na kukataa kutoka tena, unajifunga wenyewe. Ukirudi kimya, kiti chako lazima kiwe na klipu yake ya kuubana.

Mbele karibu na dereva pasitumike. Pasipo budi, kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Mfuko ukilipuka humpiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti.

Kukifunga

1. Safisha kiti cha gari, toa mikeka na mito. Usiweke taulo nene wala sponji chini ya kiti cha mtoto.
2. Fuata njia sahihi ya mkanda. Kwenye viti vya R44, alama nyekundu ni ya kutazama mbele, ya buluu ni ya kutazama nyuma. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kawaida, na kiti kinaweza kuonekana kimekaza huku kimefungwa mahali pasipofaa.
3. Nyoosha mkanda usijipinde. Weka goti au mkono wa uzito wote ndani ya kiti, na uvute mkanda wa kiuno kwanza, kisha wa bega.
4. Angalia kifungio cha gari. Kikikaa juu ya kona ya plastiki ya kiti, kitapinda na kinaweza kufunguka. Hamisha kiti nafasi nyingine.
5. Shika kiti pale mkanda unapopita, si juu, ukitikise kushoto na kulia. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.
6. Kaza mkanda wa juu mwisho.

Mkanda wa gari ukiwa mfupi usifike kufungia kiti kikubwa cha kutazama nyuma, usiunganishe kipande cha kurefusha. Jaribu nafasi nyingine nyuma, au badilisha kiti.

Kumkalisha mtoto

Anapotazama nyuma, mikanda ya mabega itoke kwenye tundu lililo sawa na bega au chini kidogo. Anapotazama mbele, sawa na bega au juu kidogo. Ukigeuza kiti bila kuhamisha mikanda, umefuta nusu ya kazi yake.

Mtoto mwenye mapaja mazito hubanwa na mkanda wa katikati, akalia, na mzazi akalegeza yote. Viti vingi vina matundu mawili au matatu ya mkanda huo. Uhamishe wa mbele zaidi, kama kitabu kinaruhusu kwa uzito wake. Toa pia mto wa kichanga uliokuja na kiti. Wengi husahau kuutoa, na unakula nafasi ya nyonga na kumnyanyua mabega kabla ya wakati.

Kaza hadi ukijaribu kubana mkanda wa begani kwa vidole viwili usishike mkunjo. Viti vya Marekani vina klipu ya kifuani, nayo ikae usawa wa makwapa, si tumboni.

Nguo nene hudanganya. Nairobi ya Julai, Njombe, au Minnesota ya Januari, koti lenye pamba huacha pengo kubwa linalobanwa siku ya ajali tu. Mvue, mfunge, kisha mfunike kwa blanketi au koti lililogeuzwa mbele. Dar es Salaam na Mombasa shida ni jua: vifungio vya chuma huchoma ngozi. Gari likiegeshwa, funika kiti chote kwa kanga, na uiondoe kabla ya kumkalisha. Usimtandikie kanga mgongoni chini ya mikanda.

Uji na biskuti huingia kwenye kifungio hadi kisilie "klik". Kisafishe kwa maji ya uvuguvugu, kining'inize kikauke. Mafuta ya cherehani au ya mlango hulainisha utaratibu wa ndani hadi kifungio kikafunguka chenyewe.

Cha mtumba

Kiti cha mtumba hakimaanishi kibaya, ila maswali ni mengi. Kigeuze, utafute tarehe ya kutengenezwa iliyochorwa kwenye plastiki. Viti vingi hupewa na watengenezaji miaka 6 hadi 10, na plastiki iliyokaa kwenye jua letu huchoka. Vua kitambaa chote, utazame gamba kwa taa: mistari myeupe kwenye plastiki ni dalili kwamba ilikunjwa kwa nguvu. Vuta mikanda yote na utafute nyuzi zilizokatika. Hakikisha sponji ngumu ya kichwani ipo, kwani hiyo ndiyo humeza pigo la ubavuni. Kiti kisicho na lebo, kisichojulikana kilitoka gari gani, au kilichokuwa kwenye ajali kubwa, kiache hapo hapo. Kitabu kikiwa kimepotea, jina na namba ya modeli kwenye lebo hukuwezesha kukipata kwa mtengenezaji.

Lini asonge mbele

Mpime tena kila baada ya miezi mitatu, kilo na mabega. Kwa anayetazama mbele, kiti kimekwisha uzito ukipita, mabega yakipita tundu la juu kabisa, au sehemu ya juu ya masikio ikifika ukingo wa gamba. Maadamu kiti cha mikanda kinachomfaa kinapatikana, busta yenye mgongo isubiri angalau miaka 4, hata kilo zikifika mapema. Siku ukimjaribu ndani yake, mkanda wa kiuno ulale chini, juu ya mapaja, na wa bega upite katikati ya bega, si shingoni. Mpeleke safari fupi. Akichomoa mkanda, akajikunja kuokota mdoli, au akilala akaporomoka upande, mrudishe kwenye kiti cha mikanda ya ncha tano.